Mkono wa Kushoto wa Baba

Harufu ya nyama iliyooza ndiyo inayonirudisha mtaani kwetu Kisenyi, mwaka ule baada ya Wahindi kufukuzwa. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi umeme, na kibanda chake kilijaa pasi, redio na friji zilizonyakuliwa kwenye nyumba za watu, zikaletwa na askari waliotaka zitengenezwe papo hapo. Friji nyingine zilikuja na nyama ya wenyewe ndani, imegeuka kijani, majimaji yakitiririka hadi miguuni mwetu. Kefule! Mpaka leo nikifungua friji nabana pumzi kwanza.

Baba alikuwa na utaratibu wake wa kupima umeme. Mita yake ilikuwa ya mshale. Kwanza aliiweka kwenye kipimo cha juu kabisa cha volti, akaijaribu kwenye soketi aliyojua ina umeme, asije akadanganywa na mita mbovu. Waya mweusi aliubana kwa kibanio kwenye waya wa ardhi kabla ya kuwasha chochote, kisha akashika ule mwekundu, vidole juu ya plastiki, kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto aliutia mfukoni. "Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, unapita moyoni," aliniambia. "Usiupe njia, mwanangu."

Siku moja koplo mmoja, kitambi mbele, ananuka pombe ya waragi, alileta friji kubwa nyeupe iliyokuwa ikivuja uchafu ule ule. Baba akaiwasha, akagusa bati lake kwa waya mwekundu. Mshale ukapanda. Friji nzima ilikuwa na umeme. Kabla hajafungua mdomo, koplo akafoka.

"Wewe fundi! Wewe natia mkono mfukoni mbele ya askari? Naficha nini?"

"Sifichi kitu, afande. Ni usalama tu. Hii friji ina umeme, ngoja nizime kwanza."

"Hapana zima! Toa mkono! Shika hiyo friji na mikono mbili!" Bastola ilikuwa imeshatoka.

Baba alinitazama mara moja tu. Akautoa mkono, akaishika. Alirushwa mpaka ukutani, akaanguka kifudifudi kwenye yale majimaji ya nyama, kofia yake ikaloa. Nilidhani amekufa. Koplo alicheka mpaka akatema mate, na watu waliokuwa mlangoni, majirani zetu wa kila siku, wakacheka naye. Kisha akanigeukia mimi, akangoja. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Baba alijiinua, uvundo ukimchuruzika kidevuni, akasema, "Samahani, afande." Yeye ndiye aliyeomba samahani! Mkono wake wa kushoto ulitetemeka hadi tulipomzika, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilicheka.

Sasa kibanda ni changu. Mita yangu ni ya tarakimu, inaandika volti wazi hata mtoto asome, na vijana ninaowafundisha huniona bibi mwenye mikogo kwa kupima mkono mmoja mfukoni. Nawaambia habari za moyo, wanaelewa. Lakini akipita mtu mwenye sare ya jeshi pale mlangoni, hata kijana mpole anayetafuta betri ya tochi, mkono wangu hutoka mfukoni wenyewe, na mdomo wangu umeshaanza kutabasamu. Akh! Najitia kinyaa.