Viti Viwili na Khanga Moja

Gari langu lina viti viwili tu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ni gari la spoti la zamani, jekundu, lililokuwa likioza chini ya turubai kwa mtu mmoja mjini kabla sijalileta nyumbani kwetu Bigwa. Bodi nimelipiga msasa kwa mikono yangu, injini nimeishusha na kuirudisha. Likabaki jambo moja la kunitia wazimu: silensa, ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Ukiondoa tu mguu kwenye mafuta, linazima. Kila jioni nilikuwa nimeinamia kabureta na bisibisi, nakaza skrubu robo mzunguko, nalegeza robo, nasikiliza. Mtu akinisemesha hapo namfokea, ndivyo nilivyo.

Mama mkwe wangu, anayeishi nasi, alikuwa na lake la kusema, ila hakuniambia mimi. Kwao huko juu Uluguru, wanawake wa rika lake hawasogeleani na wakwe zao wa kiume wala kusemeshana nao ovyo. Tukiwa sebule moja, humgeukia mke wangu: "Mwambie mumeo hilo jeneza lake limenichosha." Nami humgeukia mke wangu huyohuyo: "Mwambie mama jeneza lina rangi mpya." Tangu nimeoa, maneno yetu yote yalipitia kwake.

Asubuhi moja ya masika pumu ikambana mama mkwe. Tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga filimbi, na dawa yake ya kuvuta imeisha. Mvua inamwagika. Dereva wa bajaji tuliyemzoea hapokei simu, na bodaboda kwenye mvua ile, kwa mgonjwa asiyeweza kupumua, haiwezekani. Mke wangu hajui kuendesha. Akanitazama, nami nikalitazama gari.

"Mpeleke," akasema. "Mimi nabaki na watoto."

Mama akagoma. Na pumzi hana, bado akagoma kukaa bega kwa bega na mkwe. Mke wangu hakubishana naye. Alichukua khanga, akaifunga kwenye kioo cha ndani na kuishusha katikati ya viti, ikawa pazia. Tatizo ni kwamba iliifunika gia. Kila nikibadilisha ikabidi nipenyeze mkono chini ya khanga huku naomba radhi kimoyomoyo, nisije nikashika goti la mkwe.

Tuliondoka roho mkononi. Nyuma ya pazia nasikia kifua, mbele nasikia injini, sijui kipi kitakata kwanza. Tulipofika barabara kuu lori likatuziba, nikaondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikakohoa, ikaanza kutetemeka. Niliogopa kwelikweli, na hapakuwa na wa kumwambia amwambie mwenzake.

"Baba," sauti ikatoka nyuma ya khanga, imekatikakatika. "Usiliachie. Kanyaga."

Nikakanyaga. Injini ikashika, lori likasogea, tukapita.

Hospitalini niliruka nje kumfungulia mlango, wauguzi wakampokea, nikawafuata ndani. Wakamvutisha mvuke wa dawa kwa mashine, na taratibu ile filimbi ikanyamaza. Roho yangu ikatua. Nilikaa kwenye benchi nikalia kidogo, wala sioni haya kusema. Ndipo mlinzi akaja kuuliza lile gari jekundu linalounguruma mvuani ni la nani, likazimwe. Kumbe halikuzima. Ile robo ya jana yake jioni ilikuwa imekubali, injini ilihitaji tu kupata moto. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi kwenye ufunguo.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imekatika. Mama aliingia garini, akaifungua khanga kwenye kioo, akaikunja na kuiweka mapajani. Hivyo tukarudi hadi Bigwa.

Mke wangu alitupokea mlangoni. Mama akamgeukia, kama kawaida yake.

"Mwambie mumeo..."

Akasita. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba, mlango wa upande wangu unavuja. Utengeneze."