Siku Xavery Aliposhindwa Kujibu Utani

Pale Ipuli, ukisikia matusi na vicheko asubuhi, ujue umefika kwa Tunu. Ni mwanamke wa Kizaramo aliyeletwa Tabora na mume wa reli. Mume alifariki, yeye akabaki na kikaango chake cha vitumbua. Wakimuuliza mbona harudi kwao Kisarawe, hujibu, "Nikiondoka, Wanyamwezi hawa watatukanwa na nani?"

Habari ya Mzaramo na Mnyamwezi mnaijua wenyewe. Utani wao ulizaliwa zama za misafara, mizigo ikitoka huku kwenda pwani, na mpaka leo haujazeeka. Mtani mkubwa wa Tunu alikuwa Xavery, fundi baiskeli, mwenyeji wa Tura, ambaye banda lake linatazamana na kikaango. Kila asubuhi Xavery huvuka barabara, akachukua kitumbua bila kuomba. Haki ya mtani hiyo.

"Mwizi wee! Babu yako alibeba meno ya ndovu mpaka Bagamoyo, wewe hata aibu huwezi kubeba!"

"Na babu yako alikaa njiani kudai hongo kila msafara ukipita," Xavery hujibu, mdomo umejaa. "Najirudishia chetu."

Asubuhi moja Xavery hakuvuka. Tunu alipochungulia bandani, akamwona amejikunja mkekani, magoti kifuani. Akaangua kicheko. Msimlaumu. Mwaka uliopita Xavery huyohuyo alijilaza mbele ya kikaango akajifanya maiti, akakataa kufufuka mpaka aletewe chai. Basi Tunu akachota unga wa mchele, akamnyunyizia mwili mzima.

"Sanda hiyo, marehemu! Tukuzike Tura, au tukutupe tu bwawani Igombe?"

Watu wakajaa, wakacheka. Xavery hakujibu. Alifumba macho, unga umemkaa kwenye kope.

Kicheko kikamkauka Tunu. Mtu huyu hata siku anamzika mama yake alimrudishia tusi, tena zito. Akapiga magoti. "Xavery," akaita. Hakuwahi kumwita kwa jina.

Josepha, mkewe, akaingia na kikombe. "Ni chango tu, dada Tunu. Limemwanza jana kitovuni, akatapika, chakula hataki. Sasa limehamia huku chini, kulia. Nimemchemshia sanamaki aharishe litoke, halafu nimchue kwa mafuta ya nyonyo."

"Mdogo wangu, chango nalijua. Lingekuwa chango, angekuwa ameshanitukana." Tunu akakipokea kikombe, akakiweka chini. "Kwanza akaangaliwe."

"Litapita," Xavery akanong'ona. Kisha akakohoa. Kikohozi kidogo tu, lakini alijishika ubavu wa chini kulia, machozi yakamtoka.

Wakampakia kwenye bajaji ya Majidi, kijana wa mtaani. Kila shimo Xavery aliguna, na Tunu alifoka, "Endesha kama umebeba mayai, mwanangu!"

Hospitalini daktari Najiat, binti mdogo, alimwamkia shikamoo kabla ya kumgusa. Akauliza maumivu yalianzia wapi. Akamkandamiza tumbo polepole, kushoto, kisha chini kulia, halafu akauachia mkono ghafla. Xavery akaruka.

"Kumbe mkono ukiondoka ndipo anaumia zaidi!" Tunu akashangaa.

Wakapima damu, mkojo, na ultrasaundi. Daktari akarudi. "Ni kidole tumbo. Ni kijifuko chembamba mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikiziba kinavimba na kujaa usaha. Inaonekana hakijapasuka, ila hatuna muda. Kikipasuka, usaha unamwagika tumboni, hapo tunaweza kumpoteza. Tutakitoa leo. Amekunywa dawa gani?"

"Nilitaka kumpa ya kuharisha, na kumchua," Josepha akasema kwa sauti ndogo.

"Afadhali hukufanya, mama. Vingeweza kukipasua."

Josepha akaketi. Tunu akamshika bega. "Hukujua. Na mimi je, niliyemmwagia unga?"

Wakangoja nje ya chumba cha upasuaji. Josepha alisali rozari. Tunu aliwaza jambo moja tu: Xavery akifa, yeye mtani ndiye atakayevaa ovaroli lake lenye grisi, aige mwendo wake mbele ya jeneza, wafiwa wacheke. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Amewafanyia wengi. Huyu, hapana, mdomo usingefunguka.

Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa anatabasamu. Kimetoka kizima, kimevimba kama kidole gumba.

Kesho yake Tunu akaja na chupa ya uji. Muuguzi akamzuia mlangoni: asile mpaka tumbo litoe upepo, na mtu asimchekeshe, ana nyuzi tumboni. Tunu akaingia kwa adabu zote.

"Pole, kaka Xavery. Umeamkaje?"

Xavery akamkodolea macho. "Josepha! Mzaramo ananipa pole. Niambieni ukweli, nakufa?"

Tunu akajitahidi kunyamaza. Akashindwa. "Mnyamwezi bahili wewe! Miaka yote unajamba bure, leo unaombwa kimoja tu, unakibania!"

Xavery akajishika tumbo kwa mikono miwili, anacheka huku analia kwa maumivu. Muuguzi akaja mbio. Tunu akatolewa nje kwa kuvutwa mkono, na nyuma yake akasikia sauti dhaifu, inayokatikakatika:

"Nakungojea wewe... uje... ukilipie hongo!"

Tunu akaketi kwenye benchi la korido, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Amejibu. Mtani wake amejibu.