Nailoni ya Makoti

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemwambia ajifunge nailoni akimbie juani, mpaka akaanguka. Ni uongo, na yeye anajua ni uongo.

Mimi napiga pasi kwa dobi. Nimesimama kwenye mvuke miaka ishirini na miwili, kwa hiyo joto nalijua, na sifanyi nalo mzaha. Mwaka juzi muuguzi alinipima presha, akaniambia nitembee kwa kasi au nikimbie nusu saa kila siku, la sivyo nitapooza. Nikaanza peke yangu. Akaja jirani yangu, fundi cherehani, kisha wengine, mpaka tukawa wanawake kumi na watatu. Wakanibandika jina Bi Pasi. Walisema mtu akiwa mbele yangu anaungua mgongo.

Msimu wa joto ulipoingia niliweka masharti. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, tunamaliza kabla jua halijapanda. Kila mtu anakunywa maji kabla hajasikia kiu. Nguo ziwe nyepesi, za pamba. Mwenye kizunguzungu anakaa kivulini, na hakuna wa kumcheka. Hayo sikuyasoma darasani, ambako sikukaa. Nimeona wenzangu wawili wakianguka wakiwa wameshika pasi.

Wifi alijiunga akiwa na haraka zake. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki tano, na gauni la mama wa bibi harusi halikufunga mgongoni. Aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba jasho ni mafuta yanayoyeyuka.

Siku moja alinipitia kazini akaomba mifuko mirefu ya nailoni tunayofunikia makoti. Alisema vumbi linammalizia nguo zake kabatini. Nikampa minne. Ningejuaje?

Jumamosi ile alichelewa. Alifika jua limeshachomoza, sisi tunanyoosha viungo, akataka azunguke mtaa peke yake. Nilimwambia basi, joto limepanda, aje kesho.

"Bi Pasi, wewe ni mwembamba, ndiyo maana unaniringia," akasema.

Wote walicheka, naye akaondoka mbio. Alitupita mara moja. Mara ya pili hakutokea. Tulimkuta ameegemea ukuta wa karakana, uso mkavu, anaongea maneno yasiyoshikana. Nilipomgusa alikuwa wa moto. Nikapandisha fulana yake, nikakuta tumbo na kifua vimezungushiwa nailoni mara tatu, imebanwa kwa utepe wa gundi. Niliichana kwa meno. Nikammwagia maji yote tuliyokuwa nayo, fundi cherehani akampepea kwa kandambili mpaka gari likaja.

Hospitali alipozinduka, wanawake wamejaa chumbani na mume wangu yuko mlangoni, daktari aliuliza ile nailoni imetoka wapi. Wifi alinitazama. Nilidhani ataona haya.

"Ni yeye aliyenipa," akasema. "Aliniambia nijifunge, nikimbie, gauni litanikaa."

Kwamba nilimpa ni kweli, na hapo ndipo aliponimaliza. Nailoni yenyewe ina chapa ya duka letu. Nilipofungua mdomo, mume wangu alisema, "Mwache dada apumzike." Wale waliosikia nikimkataza walitazama sakafu. Harusi ilikuwa inakuja na hakuna aliyetaka kukosa kiti.

Sasa kundi linaongozwa na Wifi mwenyewe. Saa kumi na moja, nguo za pamba, maji kabla ya kiu, yote yangu. Mimi hawanipitii tena. Fundi cherehani, aliyeniona nikiichana ile nailoni, nikipita anainamia cherehani yake kama mtu aliyedondosha sindano. Gauni alilipanua yeye.

Kukimbia peke yangu gizani naogopa mbwa na wahuni, na jua likitoka niko kwenye pasi. Napanda na kushuka ngazi za dobi mpaka tajiri ananiuliza nimepoteza nini. Mwezi uliopita muuguzi alinipima, akatikisa kichwa.

Sitaki Wifi anipigie magoti. Nataka asimame alfajiri moja mbele ya wenzake aseme aliniomba mifuko ya kufunikia nguo, na kwamba nilimkataza kukimbia. Hilo ni deni lake. Fundi cherehani naye anadaiwa ushahidi. Na mume wangu namdai swali moja ambalo mpaka leo hajaniuliza: ilikuwaje?