Pini Ishirini na Mbili Ziwani

Ni mimi. Zile pini ishirini na mbili zilizokutwa ndani ya ziwa, kwenye ramani ya mji, niliziweka mimi, kwa kidole hiki hiki, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai pembeni. Kwa karibu mwaka mzima nilikana. Nilisema ni kompyuta. Nilisema ni mtandao. Siku moja, Mungu anisamehe, nilisema ni baridi.

Aibu yangu ina sababu. Nina shahada ya jiografia. Niliipata Nairobi, enzi ambazo ramani ilikuwa karatasi, na ukipotea unaikunja kwa heshima kisha unamuuliza mtu. Huku Minnesota shahada hiyo haikunipa kazi yoyote, ila ilinipa maringo, nayo hayahitaji kibali.

Mambo yalianza wakati treni ya University Avenue ilikuwa bado mpya, na kila mji mdogo wa jirani ukataka nao kuonekana umeamka. Mji wetu ukaamua kutengeneza upya ile barabara yenye njia nne. Idara ya mipango miji ikaweka mtandaoni picha ya mji iliyopigwa kutoka angani, na kila mkazi akaombwa aweke pini pale anapotaka kivuko cha waenda kwa miguu. Kivuko kipya kingekuwa kimoja tu. Programu ingehesabu pini, na penye pini nyingi pangegeuka pekundu.

Mimi nikaajiriwa kwa saa chache kama mkalimani, nikapewa tableti na kutumwa kwa akina mama wa Kongo wanaosali kwenye kanisa la pale barabarani. Wengi walifanya kazi hospitalini upande wa Maplewood, na hawakuwa na magari. Kila alfajiri walivuka njia zile nne mbele ya londri, duka la kufulia nguo, ili kuwahi basi. Taa za barabarani zilikuwepo, mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Januari, dakika kumi ni safari ya kuagana na watu. Majira ya baridi yaliyotangulia gari lilimgonga mwenzao mmoja goti, na tangu hapo walivuka wameshikana mikono.

Kiongozi wao aliitwa na wote Mama Présidente, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha harusi. Baada ya ibada nilimweleza habari ya ramani, na ya shahada yangu pia, ingawa hakuuliza.

"Voilà," akawaambia wenzake. "Leo tuko na Madame Jiografia."

Majina ya barabara yalinizibia picha, nikayazima. Niliona paa la kanisa, paa la londri, na nyuma yake kipande kipana, cheusi, laini. Nikasema moyoni, maegesho ya londri hayo, lami mpya. Nikaweka pini ya kwanza ukingoni mwake, nikidhani ndiko barabarani.

"Na mimi uniweke karibu na yeye," akasema wa pili. "Nisionekane ninajitenga."

Wote wakataka hivyo hivyo. Nani akae peke yake wakati wenzake wako pamoja? Zilipofika ishirini na mbili zilikuwa zimebanana kama waumini kwenye benchi la mbele, na nikatoa hotuba fupi kuhusu teknolojia.

Wiki chache baadaye ukaitishwa mkutano maktabani. Afisa wa mipango, kijana mwenye ndevu na upole wa watu wa Minnesota, wasioweza kukwambia umekosea hata ukiwa umewakanyaga, aliwasha ramani, ikajaza ukuta mzima. Mbele ya londri hapakuwa na kitu. Ndani ya ziwa, ile lami yangu mpya, palikuwa pekundu kama jipu.

"Tumewasikia," akasema. "Hatukujua kwamba jamii yenu inalithamini ziwa kiasi hiki." Akabonyeza, na likatokea daraja zuri la miguu juu ya maji, limechorwa na kompyuta, likipitiwa na watu weupe wenye mbwa na mtoto mwenye baluni.

"Anasema nini?" Mama Présidente akaninong'oneza.

Mimi, mkalimani niliyelipwa, nikatafsiri: "Anasema wametusikia."

Wakapiga makofi. Kijana akafurahi, akaandika kwamba daraja limepokewa vizuri sana.

Mchoro ulipoletwa kanisani, Mama Présidente aliushika mbali na macho, kisha karibu, kidole juu ya yale maji.

"Madame Jiografia. Iyi mayi imetoka wapi?"

"Kompyuta za mji hizi," nikasema. "Huwezi kuziamini."

Nikashikilia hapo miezi na miezi. Baraza la mji lilipokaribia kupiga kura, akina mama wakaandika barua ya kumshtaki yule kijana kwa kuwadharau, wakanipa niitafsiri. Nilifika aya ya pili. Nikavaa koti, nikaenda hadi nyumbani kwa Mama Présidente, nikamkuta anakoroga sombe, majani ya muhogo, nikakiri yote nikiwa bado mlangoni.

Alizima jiko. Akaketi. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia.

"Sasa tutembee juu ya mayi kama Petro?" Akajipiga paja. "Na Petro mwenyewe alizama!"

Alipomaliza kucheka alikuwa amekasirika kidogo, kwa haki. "Wewe kesho unatupeleka kwa ule kijana. Na utasema kwa mdomo wako."

Nilisema kwa mdomo wangu. Kijana akawa mwekundu kwa niaba yangu. Alieleza kwamba muda wa maoni umekwisha, na hawezi kuhamisha pini kwa maneno matupu. Mama Présidente hakungoja tafsiri. Aliinamia skrini, kitenge juu ya koti la theluji, akapitisha kidole juu ya paa hadi barabarani, akakigandisha kwenye ukanda wa nyasi katikati ya njia nne. Palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, umekata nyasi kutoka upande wa londri hadi upande wa basi.

"Iyi ni miguu yetu," akasema.

Nikatafsiri. Kijana akaikuza picha. Akafungua ya mwaka uliotangulia, kisha ya kabla yake. Mstari ulikuwepo kwenye zote. "Nimeitazama picha hii kila siku," akasema polepole. Akachora mstari mwingine juu ya ule, akaahidi kuwaonyesha wajumbe wa baraza, na hakuahidi zaidi.

Siku ya kura, aliponipigia simu, nilikuwa naegesha gari dukani, Richfield. Nikamwomba asubiri, nikamuunganisha Mama Présidente akiwa kazini hospitalini, sote watatu kwenye laini moja.

"Limepita," kijana akasema. "Mbele ya londri. Taa, na kitufe cha kubonyeza."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mama Présidente akajibu: "Muulize taa itatupa seconde ngapi. Mwenzetu wa goti anatembea pole."

Kijana akasema hilo bado linapangwa, anahitaji ngapi?

"Asubiri kidogo. Korido ya huku, urefu wake ni kama ile barabara."

Tukasikia simu ikitumbukia mfukoni, kisha viatu vya mpira vikiburutwa sakafuni, kimoja kizito kuliko kingine kama vya yule wa goti, na sauti yake ikihesabu.

"Makumi tatu na moja," akasema, akihema. "Ameandika?"

Nikatafsiri. Kibodi ya kijana ikalia.

"Anaandika, Mama," nikamwambia.