Kilele Kilichokuwa Jikoni kwa Mama Mdogo

Niliondoka nyumbani kwetu Kisii mjini kwa sababu mke wangu alikuwa amemkasirikia marehemu baba yake.

Kwamboka, mke wangu, ni mzaliwa wa Nyamira, upande wa Kebirigo. Alipokuwa mdogo, baba yake alimwahidi kumpeleka mahali palipo juu kuliko pote Nyamira. Mzee alituacha mwaka jana, na kwa Kwamboka ahadi hiyo ilizikwa naye.

"Kaka zangu aliwagawia mashamba," aliniambia akimnyonyesha binti yetu mchanga. "Mimi aliniachia maneno."

Hakuwa anatania. Mkwe wangu nilimpenda, na nilihuzunika kumsikia akilaumiwa na binti aliyempenda kuliko wote. Nikakata shauri niende nipatafute mahali penyewe, nipige picha, nimletee.

Jumapili asubuhi nilifunga ndizi za kuchemsha, chupa ya chai na pima maji yangu. Mimi ni fundi wa nyumba. Pima maji ni kile kipande chenye kichupa cha maji na tone la hewa ndani yake. Ukikilaza, tone hukimbilia upande ulio juu.

"Unaenda kupanda mlima ama kujenga?" Kwamboka akauliza.

"Kilele hakipimwi kwa macho," nikamjibu kwa maringo ambayo hayakufika jioni.

Kutoka Kebirigo nilipanda bodaboda mpaka njia ilipokataa.

"Hapa ndio mwisho, buda," dereva aliniambia. "Fuata hizo miti. Lakini kwani ulipoteza nini huko?"

"Natafuta kilele."

"Na ukipata utabeba na nini?"

Akageuza pikipiki akicheka peke yake.

Kwanza nilipita kwenye majani chai, kisha nikaingia katika mikaratusi. Ukungu ulikuwa haujatoka na udongo ulikuwa na utelezi wa sabuni. Nilianguka mara ya kwanza nikatazama kama kuna aliyeniona. Baadaye nilianguka bila hata kutazama. Na vilima vya Nyamira vina utani mbaya: unafika juu ukihema, unajipongeza, unainua macho, kumbe mgongo mwingine umekaa mbele yako umetulia.

Hatimaye nilifika kwenye jiwe kubwa ambalo watu wote niliowauliza njiani waliapa kwamba ndilo kilele. Nikatoa simu nipige picha, lakini roho ya ufundi ikagoma. Nililaza pima maji juu ya jiwe, nikaisawazisha kwa vijiti, nikapiga magoti na kutazama mbele kwa jicho moja. Ng'ambo ya bonde dogo kulikuwa na nundu nyingine yenye miti, na kati ya miti paa la mabati. Mstari wangu ulipita chini ya msingi wa nyumba hiyo. Kwa hiyo jiwe lilikuwa linajisifu bure.

Nikateremka tena, nikapanda tena. Jua lilikuwa limewaka, nikavua shati na kulifunga kiunoni. Nilitokeza katika migomba nyuma ya boma la watu, na ardhi bado ilikuwa inapanda polepole kuelekea jiko la udongo lililojitenga na nyumba. Nilipima upande huu, nikapima upande ule, tone la hewa likakimbilia jikoni kila mara. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa kimeshaingia mlangoni, mama mmoja alipotoka ameshika mwiko.

Nikaruka, nikamnyooshea mkono. Yeye akauficha wake mgongoni.

"Yaye! Wewe si bwana ya Kwamboka?"

Alikuwa Mama Mdogo, ndugu wa mama mkwe wangu. Siku zote tulikutana kwenye sherehe kwa mama mkwe. Kwake sikuwahi kufika. Sasa, kwetu Wagusii, dada ya mama mkwe ni mama mkwe kamili. Mkwe hamshiki mkono, hamwonyeshi kifua wazi, na jikoni kwake haingizi hata pua. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na mimi nilikuwa nimeivunja yote kabla ya kusalimia. Nilikimbilia nyuma ya mgomba nikavaa shati ndani nje.

"Mama, nisamehe," nilisema nikiwa huko huko. "Natafuta kilele cha Nyamira. Kiko jikoni kwako."

"Basi hutakanyaga, tata," akasema, akiniita baba kwa Kigusii, na nikasikia anavyojizuia kucheka. "Kuja hapa uwanja. Leta simu, hiyo haina mama mkwe."

Niliiweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma, naye akaichukua akaingia nayo ndani kupiga picha. Ndipo nikamweleza, nikiwa nimesimama nje, habari ya ahadi ya mzee.

"Lakini shemeji alikuwa anamleta hapa kila likizo," akasema kutoka jikoni. "Kwa baskeli, na ile barabara ya upande ingine, haina mlima sana. Wakifika kwa hii mlango anamwambia, 'Kwamboka, sasa umefika juu.' Kwamboka hata hasikii. Ameingia kutafuta ndizi."

Nilikaa chini.

Sikuruhusiwa kuondoka bila kula. Nililetewa sebuleni ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu ya kwetu, vyote vimepikwa juu ya kaunti nzima. Wengine hukifikia kilele. Mimi nililetewa kwenye sahani.

Jioni, nyumbani, nilimpa Kwamboka simu. Kwenye picha mlikuwa na mafiga matatu, sufuria nyeusi na mkungu wa ndizi pembeni.

"Hii si jiko ya Mama Mdogo? Na kilele kiko wapi?"

Nikamweleza yote, pamoja na maneno ya mlangoni. Aliitazama picha tena, machozi yakamtoka.

"Kumbe alinipeleka," akasema. "Tena kila likizo."

Nimejifunza kwamba mtu anaweza kufikishwa juu asijue, kwa kuwa aliyempeleka alichagua njia isiyomchosha. Kwamboka alimaliza kwa namna yake. Alijifuta uso, akamwinamia mtoto:

"Likizo hii tunaenda juu, mama. Sisi tutaingia. Baba yako atabaki nje, na shati amevaa."