Vikombe Kumi vya Piedade

Piedade Noronha hahesabu watu. Ukimwambia, "Hebu tuhesabu tuko wangapi," anageuza uso kama umemtukana. Mama yake, aliyemlea Tabora katika nyumba za reli, alifiwa na watoto wawili, na mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba walikufa kwa sababu jirani mmoja aliwanyooshea kidole na kuwahesabu. Piedade ana miaka sabini na moja. Yuko Kanada tangu mwaka 1974, na kwa miaka ishirini na nane alikuwa karani wa shule, akijaza mahudhurio ya watoto wa wenzake bila wasiwasi wowote. Lakini watu wake mwenyewe hawagusi kwa hesabu.

Sisi ndio watu wake. Kila Jumanne tunakutana mjini Pickering wastaafu kumi, Wagoa na Waismaili tuliotoka Tanzania na Kenya, tunajigawa katika magari matatu na kwenda Haverley, mwendo wa saa moja. Haverley ni mji mdogo wa zamani uliojengwa na Waingereza. Una uwanja wa soko, kinu cha mawe kando ya kijito, na mnara wa saa ambao haujawahi kusema kweli tangu niujue. Nyuma ya kinu zinaanza njia za miguu zinazopita mashambani na msituni. Piedade alianza kuzitembea peke yake mwaka aliofariki mumewe, maana nyumba ilikuwa inamkaba. Mwaka wa pili alinikuta dukani nikichagua bamia, akaniambia mbele ya watu kwamba miguu yangu inaoza kwa kukaa. Nilikasirika sana. Jumanne iliyofuata nikaenda.

Kwa kuwa hahesabu watu, anahesabu vikombe. Ana vikombe kumi vya bati, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, na hakuna anayeruhusiwa kuja na chake. Katikati ya matembezi kuna meza ya mbao pembeni mwa msitu. Hapo anafungua chupa mbili za chai, moja yenye sukari na moja isiyo na sukari kwa ajili ya wenye kisukari, na kila mtu anapewa sambusa yake kwenye karatasi. Tukimaliza, vikombe vinarudi kwenye begi, anavihesabu kwa sauti, na vikitimia kumi tunaondoka. Kwa miaka sita utaratibu huo haukumwangusha. Mimi moyoni niliuona ushirikina mtupu, lakini chai yake ni nzuri, kwa hiyo nilinyamaza.

Jumanne ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa Novemba. Majani yalikwisha kuanguka yote na upepo ulikuwa unakata masikio. Pale mezani Alimohamed, mzee wa miaka themanini aliyekuwa na duka la vitambaa Dodoma, alijichoma sindano yake ya insulini chini ya koti kama kawaida yake, akanywa chai yake isiyo na sukari, kisha akanijia.

"Zeena, nishikie hivi. Nakuja sasa hivi."

Akanipa kikombe kitupu na sambusa yake ambayo alikuwa hajaigusa, akaingia nyuma ya miti na mkongojo wake kujisaidia. Sambusa niliitia mfukoni. Kikombe chake nilikitia kwenye begi pamoja na changu. Nilikuwa nasikia baridi na nilitaka kwenda nyumbani. Sina utetezi mwingine, na huo wenyewe hautoshi.

"Nane, tisa, kumi," alisema Piedade, akafunga zipu. "Haya, twendeni."

Tukaenda. Alimohamed ni mtu wa kimya. Walio mbele walidhani yuko nyuma, na walio nyuma walidhani yuko mbele. Mimi sikudhani chochote. Nilishamsahau.

Tulifika kwenye maegesho baada ya dakika hamsini. Olavo, aliyemleta Alimohamed kwa gari lake, akazunguka magari yote matatu akichungulia vioo.

"Alimohamed anarudi na nyinyi?"

"Si amekuja na wewe?"

Olavo akatoa simu akampigia. Simu ikaita ndani ya gari la Olavo mwenyewe, kwenye kiti cha nyuma.

Piedade akaweka begi juu ya boneti na kuvitoa vikombe kimoja kimoja. Vikatimia kumi. Akavirudisha, akavitoa tena. "Lakini viko kumi," akatuambia, kana kwamba kuna aliyembishia. "Jamani, si mnaviona? Viko kumi."

Ndipo nilipotia mkono mfukoni kutafuta glavu, nikaigusa sambusa. Mtu amejichoma insulini na hajala, yuko msituni, na chakula chake ninacho mimi. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita.

Olavo alipiga simu ya dharura. Wakamjibu kwamba wanakuja, sote tubaki pale pale. Ilikuwa saa kumi, na siku hizo za Novemba saa kumi na moja giza linaingia. Piedade hakusubiri maelezo yaishe. Alichukua begi lake akarudi njiani, nami nikamfuata. Sikumfuata kwa ushujaa. Niliogopa kubaki mbele ya wenzangu na sambusa ile mfukoni.

Alikwenda kasi ambayo sikujua anayo. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama na kuita, "Mzee Alimohamed! Mzee Alimohamed!" halafu tunasikiliza. Tulisikia upepo tu, na mbwa mbali kwenye shamba la mtu.

"Ni mimi," alisema tukipanda kilima. "Watu wangu nimewaacha mikononi mwa vikombe. Akifa ni mimi, Zeena. Nitamwambia nini binti yake?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikasema, "Tutampata, Dada," nikaona haya kwa sauti yangu mwenyewe.

Mezani hapakuwa na mtu. Nikaingia nyuma ya ile miti nikiita, nikatoka. Anga ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Ukiondoka mezani njia inagawanyika: ya kulia ndiyo yetu, ya kushoto inateremka kwenye kijito. Piedade alikwenda kulia. Mimi nilisimama nikatazama kushoto, na chini kidogo, kwenye tope, nikaona alama ya mkongojo. Shimo dogo, kisha jingine, kisha jingine.

"Dada! Huku!"

Tuliteremka tukishikana, tukiteleza. Tulimkuta ameketi chini, ameegemea uzio wa shamba, kofia imemtoka. Jasho lilimtiririka usoni katika baridi ile. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama akaniita kwa jina la mkewe, aliyefariki miaka tisa iliyopita, akaniuliza kama duka limefungwa.

"Sukari imeshuka," alisema Piedade. Akafungua ile chupa ya chai yenye sukari. Ilibaki kama nusu kikombe. Akamwinua kichwa, akamnywesha taratibu, huku akimwambia ameze, ameze tena. Chai ikaisha. "Tumbo tupu hili. Hakula kitu? Nilimpa sambusa kwa mkono wangu!"

Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa imepondeka ndani ya karatasi yake. Piedade aliitazama sambusa, akanitazama mimi, kisha akaichukua na kuanza kuimega vipande vidogo na kumlisha. Hakuuliza kitu. Nilitamani aniulize.

Baada ya muda ambao mimi niliuona mrefu mno, Alimohamed aliinua mkono akajifuta midomo. "Piedade," akasema, "pilipili umezidisha." Piedade akaangua kilio hapo hapo kwenye tope. Waokoaji walipofika na taa zao walitukuta hivyo, na kwanza walidhani yeye ndiye mgonjwa.

Walimpeleka hospitali. Binti yake, Zarina, alitupigia baadaye jioni hiyo kutuambia kwamba hali yake ni nzuri na anadai sambusa nyingine. Nilikuwa nimemfikisha Piedade mlangoni kwake Pickering na tulikuwa bado tumekaa ndani ya gari. Nilipokata simu nikasema yote bila kupumua: kikombe alinipa mimi, nilikitia mimi, akasema anakuja nikamsahau.

Piedade alikuwa amepakata begi la vikombe.

"Najua," alisema. "Nilikuona ukitia viwili."

Nilimgeukia. "Uliona? Mbona hukuniuliza cha pili ni cha nani?"

"Kwa sababu vilitimia kumi." Akafungua zipu na kuifunga. "Nilikuwa na baridi, Zeena. Na mimi nilitaka kwenda nyumbani."

Akashuka. Begi aliliacha kwenye kiti, na sikumwita arudi kulichukua.

Jumanne iliyofuata tulikuwa tisa, kwa kuwa Alimohamed alikuwa bado anapumzika kwa Zarina. Tulipomaliza chai, nilikusanya vikombe nikavitia begini, na watu wakasubiri vihesabiwe. Piedade hakulitazama begi. Alisimama mbele yetu, akafanya ishara ya msalaba, akainua kidole chake, akaanza na mimi.