Bata Aliyebaki Ngerengere

Nilirudi kutoka shule kubwa ya serikali kule pwani nikiwa na mwandiko mzuri na hamu moja tu: kutoondoka nyumbani tena. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuifikisha reli Morogoro, sasa wanaisukuma kwenda bara. Kaka yangu alikuwa akibeba mataruma ya kulalia vyuma vya reli huko, naye akanitafutia kazi ya ukarani kambini. Atakuja kuchukua jibu, alisema, masika yakiisha.

Masika yale bata wageni, wale wanaokuja na vuli kwenye majaruba yetu ya mpunga kando ya Ngerengere, waliondoka kama desturi yao. Akabaki mmoja. Kila asubuhi nilimkuta peke yake kwenye maji ya kijivu, na milima ya Uluguru imejifunika mawingu gubigubi kama mgonjwa.

Kulikuwa na bwana mmoja Mjerumani aliyependa kuwapiga bata risasi siku za Jumapili. Basi nikaamua kwamba huyu ana bawa bovu, nikaanza kumwagia mpunga. Mjomba, aliyewahi kuwa mpagazi, akanicheka. Bata yule hana jeraha, alisema. Labda ni mchanga, hana kiota kinachomwita, au hakula vya kutosha. Safari ndefu inataka mafuta mwilini. Hata wao wapagazi, wenye akili walikula na kushiba siku nyingi kabla ya kufunga mizigo. Waliokonda waliachwa njiani. Sikumwamini. Bawa bovu lilinifaa zaidi.

Maana hata mimi nilikuwa na langu. Mama alikuwa ameteleza mlimani akishuka na mkungu wa ndizi, akaumia mguu, akawa anatembelea fimbo. Nitamwachaje? Kaka alipokuja nilimweleza hivyo, kwa Kiswahili safi cha shuleni. Alimtazama bata, akanitazama na mimi.

"Yule ana bawa, mdogo wangu. Wewe una mguu wa mama."

Akaondoka peke yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye mfereji. Hata huo sikuuvuka.

Vuli ikarudi na bata wengine. Wangu nilimtambua kwa sababu ndiye pekee aliyenisogelea. Kisha masika yakakaribia, na msafiri mmoja akatuletea shati la kaka. Homa ilimchukua kambini, wakamzika kando ya reli.

Tukaweka matanga juu ya shati. Kwetu mtani akija msibani husema lolote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mtani wetu alibana nyungo mbili kwapani, akachechemea uani akilia kama bata, akaenda kuketi miguuni pa mama.

"Mama, usitembee," akasema kwa sauti yangu kabisa, ile ya puani. "Ukitembea tu, nitatakiwa kusafiri."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Mama alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kaniki, kisha akainuka kwenda kuchochea moto. Bila fimbo. Fimbo ile aliiacha tangu kipupwe, nami kila siku nilimwona akienda shamba na kurudi.

Nikamfuata jikoni. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia kwamba amepona, nilipokuwa bado naweza kumfuata kaka.

"Nikufukuze nyumbani kwangu, mwanangu?" Alikuwa akipuliza moto, hakunitazama. "Nilidhani umeona."

Matanga yalipoisha nilishuka majarubani na kibaba changu cha mpunga. Bata wote walikuwa wamekwenda, na wangu pia. Mwaka mzima nilidhani namliwaza mwenzangu, kumbe namfungia masurufu ya njiani. Kaka sikumfungia hata muhogo wa kuchoma.

Nikachota mpunga, mkono ukabaki hapo hapo. Mjomba alikuwa kwenye tuta akizibua maji. Akaniambia nisiumwage, mwaka huu mbegu ni haba.

Nikaurudisha nyumbani.